Shika bega, achia tumbo: kuvaa vizuri wakati wa ujauzito kwa shilingi 120,000

SWALI: Shikamoo mama fundi. Nina miaka 27, naishi Morogoro, ni keshia kwenye SACCOS. Ujauzito wangu wa kwanza umefika wiki ya 21. Sare ya kazini ni sketi mbili nyeusi na blauzi nyeupe. Sketi hazifungi tena, nazishikiza kwa pini. Nilinunua madera mawili ya saizi kubwa, lakini nikivaa naonekana kama nimetundikiwa shuka, na mama mkwe anasema hiyo ndiyo stara. Baada ya wiki nane wifi yangu ana sendofu. Kitambaa cha sare nimeshapewa, satini, na fundi anasema ningoje mpaka wiki ya mwisho ndipo anipime. Nina 120,000 ya kuvaa mpaka nijifungue. Naanzia wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana.

Kwanza toa hiyo pini. Siku itakayofunguka umeinama kuokota sarafu ndiyo utajua nilikuwa nasema nini. Chukua rababendi ya nywele, ile iliyovikwa kitambaa. Ipitishe kwenye tundu la kifungo cha sketi, ipitishe ndani yake yenyewe ili ing'ate, halafu ncha iliyobaki uivike kwenye kifungo. Zipu iache wazi kadiri tumbo linavyotaka, blauzi iteremke juu yake. Hiyo itakusogeza wiki hii na ijayo, mpaka sketi zifike kwa fundi.

Sasa madera yako. Dera halina kosa lolote, kosa ni saizi. Mwanamke akipata mimba akaenda dukani, neno la kwanza ni "nipe kubwa zaidi". Anapewa kubwa, na ukubwa unakwenda kila mahali: bega linashukia kwenye mkono, shingo inapanuka mpaka mkanda wa sidiria unachungulia, kwapa linaning'inia. Mimba haijaongeza mifupa ya mabega yako hata kidogo. Imeongeza kifua, mbavu zimetanuka kidogo, tumbo linakuja mbele. Mtu akikutazama, jicho lake linatua begani kwanza. Bega likikaa mahali pake, hata chini kukiwa na kitambaa kingi ataona mtu aliyevaa. Bega likianguka, ataona shuka. Kwa hiyo kwangu dukani mama mjamzito akiingia, wasichana wangu wanajua wimbo: shika bega, achia tumbo.

Hayo madera usiyagawe. Peleka kwa fundi mwambie mambo mawili. Apandishe mabega, sentimita mbili au tatu kila upande, mpaka mshono ukae juu ya mfupa. Halafu apitishe lastiki nyembamba chini ya kifua, lakini nyuma tu, kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Mbele asiguse. Mgongo utashikwa, na mbele kitambaa kitaanguka chenyewe juu ya tumbo. Lastiki ikizunguka mpaka mbele, tumbo linagawanywa mara mbili kama gunia lililofungwa kamba katikati, na jioni utakuwa na alama nyekundu. Kazi hiyo ni ya nusu saa kwa dera moja. Fundi akikutajia 10,000 kwa hiyo peke yake, muage kwa heshima.

Mimi nilijifunza kushona kwa babu yangu, mshona kanzu wa Tanga. Kanzu ukiitazama vizuri ni somo zima la jambo unaloniuliza. Kuna badani, kile kipande kirefu cha mwili kinachoning'inia kutoka begani. Kuna kikwapa, kipande kidogo chini ya mkono ili mkono uinuke bila kuvuta nguo. Halafu kuna taharizi, vile vipande vya ubavuni vinavyoanza vyembamba juu na kupanuka kwenda chini. Taharizi ndiyo inayomruhusu mzee mwenye kitambi apige hatua, akae, asujudu, na kanzu yake begani imetulia. Mafundi vijana wengi hawalijui hata neno lenyewe. Blauzi zako nyeupe dawa yake ni hiyo: fumua mshono wa ubavu kuanzia kama sentimita nane chini ya kwapa, ingiza kipande cha pembetatu chenye upana wa sentimita 10 kule chini, shona. Kila upande kimoja. Kitambaa cheupe kinachofanana utakipata kwenye mabaki ya fundi yeyote anayeshona sare za shule, mara nyingi bure. Ukisharudi na mwili wako, vinatolewa na mshono unarudishwa.

Sketi ndizo zenye kazi, basi nitazieleza polepole ili ukimkuta fundi asiyejua, umwelekeze. Natumaini zipu iko nyuma, kama sketi nyingi za ofisi. Nyuma kote kubaki kama kulivyo. Mbele, fundi afumue mkanda wa kiuno, halafu achore upinde: aanzie kiunoni kwenye mshono wa ubavu wa kushoto, ashuke mpaka sentimita 12 katikati, apande tena mpaka ubavu wa kulia. Akate hapo. Mahali pa kipande kilichotoka panaingia kitambaa cha jezi cheusi, kile kinachovutika, kikunjwe mara mbili, kiwe kirefu cha kutosha kupanda mpaka juu ya kitovu. Juu kabisa apitishe lastiki laini, pana ya sentimita mbili au tatu. Nyembamba inakata ngozi. Mita moja ya jezi inatosha sketi zote mbili.

Mwambie jambo moja zaidi, maana hapa ndipo wengi wanaharibu. Jezi haishonwi kama tetroni. Cherehani ya miguu yenye mshono ulionyooka tu, akishona bila kuvuta, uzi utakatika siku ya kwanza ukikaa. Kama ana mashine ya zigizaga atumie hiyo. Kama hana, avute kitambaa kidogo kwa mikono miwili huku anashona, na aweke sindano ya ncha butu, ile ya kushonea fulana. Ukipokea sketi, usiitazame kwa macho tu: vuta mshono kwa nguvu mbele yake. Ukilia "tra!", anarudia saa hiyo hiyo.

Na kile kipande cha upinde alichokata, kidai. Kiweke kwenye bahasha pamoja na mkanda wa kiuno. Baadaye kinarudishwa, na mshono wake utafichwa na blauzi.

Wanaodhani lastiki kwenye nguo za mimba ni mambo ya juzi nawaambia habari ya Lena Bryant, mshonaji mhamiaji kutoka Lithuania aliyekuwa mjane New York. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 mteja mjamzito alimwomba gauni la kutokea mbele za watu, akamshonea lenye kiuno cha lastiki na sketi ya marinda. Wakati huo magazeti ya huko yalikataa hata kutangaza nguo za wajawazito, waliona ni aibu. Biashara yake ilikuja kuitwa Lane Bryant, na inasimuliwa kuwa jina lilikosewa benki alipokwenda kufungua akaunti. Wewe keshia utanielewa kwa nini naipenda hadithi hiyo.

Kabla hujaongeza sketi ya tatu, hesabu wiki. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakuruhusu kuanza likizo ya uzazi wiki nne kabla ya tarehe ya makadirio. Ukiichukua hapo, utakuwa wiki ya 36. Kutoka leo ni wiki 15 za kaunta basi. Sketi mbili, moja imefuliwa moja imevaliwa, zinatosha kabisa. Likizo ni siku 84, au 100 ukijaliwa mapacha, na ukirudi kazini unayo haki ya muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku. Nakutajia hayo kwa sababu ya vifungo. Kila gauni utakalonunua sasa, chagua linalofunguka mbele: vifungo mpaka tumboni, au zipu, au la kupishanisha na kufunga kamba ubavuni. Gauni la kuvulia kichwani utalitumia miezi minne. Lenye vifungo utalitumia mwaka na nusu.

Pesa mpya, namaanisha pesa ya dukani, iende kwenye sidiria. Hapo sina mchezo. Wanawake wanabana kifua na sidiria ya zamani mpaka wanapata vidonda chini ya titi, kwenye joto kama la kwenu, halafu wananunua gauni la 40,000. Nunua mbili za pamba, zisizo na waya, mkanda mpana begani. Na ujue kulabu zake: siku za kawaida sidiria mpya inafungwa kwenye kulabu ya nje kabisa, ili ikilegea uikaze. Wewe sasa fanya kinyume chake. Nunua inayokukaa vizuri kwenye kulabu ya ndani kabisa, ili mbavu zikizidi kutanuka uwe na pa kuachia. Kariakoo na kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji kunauzwa kipande kidogo cha kurefushia mkanda, chenye kulabu upande huu na vitanzi upande ule. Ni bei ya soda, nacho kitakuokoa mwezi wa nane. Sidiria za kunyonyeshea usizinunue sasa, ngoja wiki za mwisho, maana kifua kitabadilika tena.

Chupi ziwe za pamba, za kukaa chini ya tumbo au za kulifunika lote, zisizokata katikati. Unyevu na nailoni ni rafiki wa fangasi, na mjamzito hupata fangasi kirahisi kuliko mtu mwingine.

Kuhusu kitambaa kwa jumla: mwili wako sasa una damu nyingi kuliko kawaida na unahisi joto mapema kuliko jirani yako. Muuzaji atakuambia "pamba hii, dada" kwa kila kitu. Omba nyuzi mbili tatu za pembeni, zisokote, ziwashe kwa kiberiti mbali na meza. Pamba inaungua kama karatasi, harufu ya karatasi, na jivu laini linalopotea ukilisugua. Polista inayeyuka, inajikunja, inaacha kijidonge kigumu cheusi. Kijidonge hicho ndicho kitakachokukalia mgongoni saa nane mchana. Viskozi nayo inaungua kama pamba, na ni nzuri kwako, inaanguka vizuri juu ya tumbo.

Mtumba sasa. Mimi ni fundi wa mishono mipya lakini sijawahi kumkataza mjamzito mtumba, kwa sababu ya jambo moja dogo: nguo za mimba huvaliwa muda mfupi, kwa hiyo zinafika kwenye belo zikiwa karibu mpya. Nenda asubuhi siku wanayofungua belo, uliza watakuambia. Usitafute kwenye magauni ya kiuno. Tafuta suruali na taiti zenye kipande cha kuvutika mbele. Wauzaji wengi hawajui ni za nini, wanazirundika pamoja na za michezo, zinauzwa kwa bei ya kutupa. Kipande hicho kivute, ukiachie. Kikirudi haraka, nunua. Kikirudi kwa uvivu, lastiki imekufa, na hakuna fundi atakayeifufua. Inua nguo juani uangalie ndani ya mapaja, hapo ndipo kitambaa huchakaa kwanza. Halafu kaa. Naam, kaa kwenye kigoda cha muuzaji ukiwa umeijaribu juu ya nguo yako, maana nguo inayokupendeza umesimama na kukukaba umekaa haikufai wewe unayeketi kutwa.

Tuje kwenye sendofu, nadhani ndilo lililokufanya uandike.

Fundi wako ana nusu ya ukweli. Ni kweli tumbo litabadilika. Leo juu ya mji wa mimba ni karibu na kitovu. Nesi kliniki anapima kwa tepu kama yangu, kutoka mfupa wa chini mpaka juu ya mji wa mimba, na kuanzia sasa sentimita zinakwenda karibu sawa na wiki. Siku ya sherehe utakuwa wiki ya 29, yaani kama sentimita nane zaidi ya leo. Lakini wiki ya mwisho kabla ya sendofu fundi huyo huyo atakuwa na sare za ukoo mzima, na wewe utapewa gauni lenye nyuzi zinazoning'inia, umeshonewa usiku, zipu haipandi. Nimeyaona mara nyingi mno, na niseme ukweli, mara moja aliyeshona nilikuwa mimi. Bibi harusi mtarajiwa alitoka, dada yake mjamzito akabaki chumbani analia, nami nimepiga magoti nyuma yake nafumua satini kwa wembe. Tangu siku hiyo nashona kwa awamu mbili.

Awamu ya kwanza iwe wiki tatu nne kabla. Fundi akate gauni kwa mshono unaopita chini ya kifua, na juu ya mshono huo ashone kamili: bega, shingo, mikono. Huko hakutabadilika sana, aongeze sentimita mbili za kifua. Chini ya mshono, sketi yote ianguke kwa marinda machache yaliyo mbele, yasiwe ubavuni, maana nafasi inahitajika mbele. Satini haivutiki hata kidogo, kwa hiyo mimi huacha sentimita 12 za ziada tumboni. Mbele akate ndefu kuliko nyuma kwa sentimita tano au sita. Hili watu hawalijui: tumbo linakula urefu. Ukiona mjamzito gauni lake limepanda mbele kama pazia fupi na nyuma linafagia, fundi alikata mbele na nyuma sawa.

Nyuma, akatae zipu. Aweke vitanzi pande mbili na kamba ya satini hiyo hiyo ya kupishanisha, na chini yake kipande cha kufunika mgongo. Kamba inakaza na kulegea, zipu ina saizi moja tu. Upindo abakize bila kushona. Awamu ya pili ni siku nne kabla ya sherehe: unavaa na viatu utakavyovaa, anaweka upindo, basi.

Baada ya chakula cha sendofu utalegeza kamba nafasi mbili na hakuna atakayejua.

Viatu nitavipitia kwa haraka. Bapa kabisa si lazima, kisigino kifupi na kipana kinafaa. Chembamba kiache, maungio ya mwili yanalegea wakati huu na uzito umesogea mbele. Nunua jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo, usije ukanunua cha asubuhi kikakukataa mchana. Pete ikianza kubana, vua mapema. Na hapa naacha ufundi kidogo niseme kama mama: miguu kuvimba jioni ni kawaida, lakini uso na mikono ikivimba ghafla, au kichwa kikiuma sana na macho yakaona ukungu, usibadilishe viatu, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Huenda ni presha ya mimba, na haisubiri.

Mkaja je? Usifunge chochote cha kukaza tumbo sasa. Mkaja ni wa baada ya kujifungua, na hata huo usifungwe mpaka ukashindwa kupumua. Ukichoka kiuno, kunja khanga upana wa kiganja, ipitishe chini ya tumbo, juu ya nyonga, ifunge ubavuni kwa kulegea, kama unamwinua mtoto, si kumbana.

Mama mkwe usishindane naye. Ukienda kwake vaa dera lako lililotengenezwa mabega, jitande khanga, umwamkie kwa adabu. Hataona lastiki ya mgongoni. Ataona mkwe wake amependeza, na sifa atajipa yeye.

Hesabu yako ninaiona hivi, bei za huku Dar na kwenu huenda zikapungua kidogo. Sidiria mbili 24,000, chupi tano 10,000. Jezi mita moja na kazi ya sketi mbili, 17,000. Mabega na lastiki za madera, pamoja na taharizi za blauzi, 10,000 ukimpelekea fundi vyote kwa mpigo. Mtumbani gauni moja la vifungo na taiti moja ya mimba, 12,000. Viatu 15,000. Ushonaji wa sare ya sendofu 25,000. Hiyo ni 113,000. Inayobaki 7,000 usiitumie leo, mwezi wa nane utahitaji ndala za kupanuka na kile kipande cha kulabu.

Anza na sidiria, wiki hii, hata kabla ya sketi.